Nimekuja kujifunza uongozi, wamenipa toroli

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa masomo ya mazingira. Kwetu ni Amani, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Nimepata nafasi ya kujitolea kwa mwaka mzima katika mji wa Freiburg, Ujerumani, kwenye programu ya uongozi katika maendeleo endelevu. Tulioomba tulikuwa wengi, nikachaguliwa mimi. Kijijini walinichangia nauli ya kwenda Dar es Salaam kushughulikia viza, wakanisomea dua, na mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba.

Leo nimetimiza wiki moja na kila usiku nalia. Nilidhani nitakaa na wataalamu tupange mipango. Siku ya pili tu nikapewa buti na toroli, nikapelekwa kwenye bustani ya jamii kugeuza mboji. Hadi leo kazi yangu ni hiyo: kugeuza mboji, kuosha kreti za mboga, kusukuma toroli. Jumatano nilitupa kikopo cha mtindi kwenye pipa lisilo lake. Mwenzangu mmoja akakitoa mbele ya watu wote, akanielekeza kama anavyoelekezwa mtoto mdogo. Kijana mwingine tunayejitolea naye akaniuliza kama najua ndege iliyonileta imechafua hewa kiasi gani. Na mratibu ameniomba niandae mazungumzo kwa wanafunzi wa shule kuhusu ukame wa Afrika, nije na picha. Mama, kwetu Amani mvua haikauki. Picha ya ukame nitaitoa wapi?

Ninakaa kwa mama mtu mzima na mumewe. Si watu wabaya, ila jioni wananiwekea mkate na jibini, chakula cha baridi, na soseji ambazo sizigusi maana sijui zina nini. Najiuliza kama ndivyo wanavyoniona. Kwenye tramu nasalimia, watu wanatazama dirishani. Nyumbani wanajua niko Ulaya. Kaka anataka simu, mjomba anauliza ada ya mtoto wake, nami natuma picha nimesimama mbele ya kanisa kuu nikicheka. Siwezi kuwaambia kwamba nasukuma taka. Nirudi?

Binti wa Amani

Marahaba, mwanangu.

Usirudi. Nalitanguliza jibu hilo kwa sababu mtu aliye mbali na kwao akishauliza swali kama lako hasomi kitu kingine mpaka ajibiwe. Sasa vuta pumzi, tuzungumze.

Kulia wiki ya kwanza si dalili kwamba umepotea njia. Umeacha lugha yako, chakula chako, jua lako na watu wanaomjua baba yako kwa jina, vyote kwa siku moja. Ikiwa baada ya mwezi na nusu bado unalia kila usiku, hulali wala huli, hapo mwambie mratibu akupeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Bima ya afya unayo, na kuitumia ni haki yako. Lakini kwa sasa, lia. Halafu unawe uso ulale, maana kesho kuna kazi.

Na ni kazi hiyo ninayotaka tuikalie kitako, kwa sababu naona ndiyo inayokuuma kuliko jibini na kuliko ukimya wa kwenye tramu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hiyo kumsema mgeni asiyeondoka, lakini ndani yake imo heshima: anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Wewe umepewa siku ya pili. Mimi huzitilia shaka zaidi zile programu zinazomchukua kijana wetu, zikamkalisha ukumbini wiki nzima akitazama maandishi ukutani, zikampa fulana na cheti, akarudi bila kukijua kwa harufu kile anachokwenda kukihubiri.

Jiulize kwanza kwa nini mboji inageuzwa. Lundo lile limejaa vijidudu wanaohitaji hewa. Wakiipata, wanakula mabaki kwa kasi mpaka lundo linapanda joto, nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ukitia mkono utalisikia. Wakikosa hewa, nafasi yao inachukuliwa na vijidudu wa aina nyingine. Lundo linanuka na kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito uleule huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ukipima kwa miaka 100. Kwa hiyo kila unapoligeuza, unaizuia methani isizaliwe. Utawasikia pia wenzako wakibishana kuhusu kiasi cha mabichi ya jikoni na kiasi cha majani makavu, karatasi na vumbi la mbao. Wanatafuta uwiano wa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabichi yakizidi lundo linaoza vibaya, makavu yakizidi linalala. Darasani uliandika uwiano huo kwenye daftari ukaujibia mtihani. Sasa uko mbele yako, unaushika kwa mikono.

Halafu fikiria Muheza msimu wa machungwa. Unayaona yaliyopondeka kando ya barabara, nzi, harufu, maji machungu yanayotiririka mtaroni. Katika miji yetu mingi ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya taka za nyumbani na sokoni ni vitu vinavyooza. Malori ya Dar es Salaam yanavipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi vikiwa vimechanganyika na plastiki na kila kitu, na vikishafukiwa bila hewa unajua wewe mwenyewe kinachofuata. Wakati huohuo mkulima wa milimani ananunua mfuko wa mbolea ya viwandani kwa bei inayomtoa jasho. Mtu atakayekaa katikati ya mambo hayo mawili, maganda ya sokoni na shamba lililochoka, akajua kulifanya lundo lipande joto na kuliendesha mwaka mzima bila hasara, huyo ndiye kiongozi tunayemhitaji. Wanaoweza kutoa hotuba juu yake tunao wengi.

Basi usisukume toroli kama aliyeadhibiwa. Nunua daftari. Andika mabaki yanatoka wapi, yanakuja kwa uzito gani, mboji iliyoiva anaichukua nani na kwa bei gani, kazi ya siku ni ya watu wangapi, wanafanya nini mtu akitia plastiki. Muulize anayeshika fedha, bustani inaendeshwa kwa pesa za nani. Hilo la fedha lifuatilie mpaka mwisho, mwanangu, maana miradi mingi ya mazingira kwetu hufa siku mfadhili anapoondoka.

Hata kile kikopo cha mtindi kilichokudhalilisha kina somo, ingawa aliyelifundisha hakuwa na adabu ya kukuvuta pembeni. Ujerumani ilitoa kanuni mwaka 1991 kwamba wazalishaji ndio wabebe gharama za kukusanya vifungashio vyao na kuvirudisha viwandani. Ndiyo sababu ya ule mfuko wa manjano unaowekwa peke yake. Na katika miji mingi ya huko ada ya taka hufuata ukubwa wa pipa la taka zisizotenganishwa, kwa hiyo anayetenganisha vizuri analipa kidogo. Usafi ule unaouona mitaani haukuja kwa sababu watu wale wamezaliwa na roho safi kuliko sisi. Sheria iliamua nani alipe. Kwetu, chupa ya maji ya plastiki ikishatupwa, anayeibeba gharama yake mara nyingi ni mama au kijana anayeokota juani na kuuza kwa kilo, kwa bei anayopangiwa. Swali hilo lirudi nalo nyumbani.

Lakini usirudi ukiamini umetoka kwenye giza. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilitangulia, 28 Agosti 2017. Zanzibar ilianza 2006, Rwanda 2008. Ujerumani ilipiga marufuku mifuko mingi ya plastiki ya kubebea bidhaa dukani tangu Januari 2022, na ile myepesi sana ya kutilia matunda ikaachwa. Watakuonyesha kwa fahari utaratibu wao wa kulipia chupa, senti 25 unazorudishiwa ukirejesha ile ya kutumika mara moja. Ni utaratibu mzuri, usifie. Kisha waeleze kwamba umekulia mahali ambapo mtoto akitumwa soda anakwenda na chupa tupu mkononi, la sivyo anaacha pesa ya chupa, na kwamba kreti za chupa za glasi zimekuwa zikienda kiwandani na kurudi tangu kabla hujazaliwa. Wewe si mtoto katika jambo hili, na sauti yako ichukue uzito huo.

Umeniambia umekwenda kujifunza uongozi. Je, umeshajua Freiburg ilipataje sifa ya mji wa mazingira? Uliza uambiwe habari za Wyhl. Ni kijiji kando ya mto Rhine, si mbali na hapo ulipo. Miaka ya 1970 serikali ya jimbo ilitaka kujenga kinu cha nyuklia hapo. Waliosimama mbele walikuwa wakulima na watunza mizabibu waliohofu kwamba mvuke wa minara ungefunika mashamba yao, pamoja na wake zao, wachungaji wa makanisa, wavuvi, na baadaye wanafunzi wa chuo kikuu cha Freiburg. Februari 1975 wakaingia kwenye eneo la ujenzi. Polisi wakawaondoa kwa maji ya mabomba, nao wakarudi siku chache baadaye wakiwa maelfu kwa maelfu. Wakakaa miezi mingi. Humo msituni wakajenga kibanda wakaanzisha shule ya watu wazima, wakifundishana fizikia, sheria, ndege na miti. Kinu hakikujengwa, na pale pakawa hifadhi ya msitu. Mwaka 1977 baadhi ya wataalamu waliosimama na wananchi wale wakaunda Freiburg taasisi ya utafiti wa mazingira, Öko-Institut, inayofanya kazi hadi leo. Ujerumani yenyewe ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023.

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Juni, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na ndio ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Wangari naye alipita njia yako. Alisoma Marekani, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani, Giessen na baadaye Munich, kabla ya kupata shahada yake ya udaktari Nairobi mwaka 1971. Msomi wa kiwango hicho alirudi akapiga magoti kwenye vitalu vya miche pamoja na kina mama wa vijijini. Maofisa wa misitu wakasema upandaji miti unataka watu wenye stashahada. Kina mama hawakuwa nazo; walikuwa na makopo yaliyotoboka, mbegu walizookota na mikono iliyozoea udongo. Miti mamilioni ilisimama. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, aliweza kusimama kulipinga kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu aliochafuka nao mikono kwa miaka 12. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja 2004, mwishoni kabisa. Ukiona picha yake akiipokea Oslo, kumbuka miaka 27 iliyotangulia.

Nasema haya si kwa ajili ya kukubembeleza uipende kazi ngumu. Nasema kwa sababu umepotoshwa kuhusu uongozi, na waliokupotosha ni wengi, sisi wazazi tukiwemo, tunaomsifu mtoto akipata kiti na kumsikitikia akishika chepe.

Sasa yule kijana wa ndege. Swali lake lina ukweli, na usilikimbie. Safari ya Dar es Salaam hadi Ujerumani na kurudi inamwaga hewani zaidi ya tani moja ya hewa ukaa kwa kila abiria. Mtanzania wa kawaida hafikishi hata nusu tani kwa mwaka mzima, kwa hesabu ya mafuta, gesi na makaa yanayochomwa nchini. Mjerumani wa kawaida yuko karibu na tani 7, mwaka baada ya mwaka. Mpe hesabu hizo kwa upole, bila ugomvi, kisha mwambie kwamba wewe hukupanda ndege kwa ajili ya wiki mbili za kupiga picha na watoto. Umekwenda kukaa mwaka. Tani ile inalipwa na kinachofanywa ndani ya mwaka huo na baada yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokata tiketi ya kurudi sasa: ukirudi leo, utakuwa umechafua hewa bure.

La mazungumzo ya shule halitaki upole mwingi. Kataa picha za ukame. Ukame upo na umeua. Kaskazini mwa Kenya na Pembe ya Afrika mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, watu wengi wakapoteza mifugo yao. Hayo aje ayaseme mtu wa Marsabit aliyeyaona. Wewe ukiyasema utakuwa unaigiza msiba wa mwingine ili kuwaridhisha wasikilizaji, na wale watoto wataondoka wakiamini Afrika ni uwanja mmoja uliokauka. Mwambie mratibu: sina ukame, ninao msitu.

Na una mengi kuliko unavyojua. Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inaipita Freiburg kwa mbali. Mto Zigi unaotoka katika milima hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji hayo ndiyo yanayonywewa na mji wa Tanga. Ukikata mti Amani, mtu wa Chumbageni au Ngamiani mjini humo anakuja kulipia bombani. Waeleze habari za iliki ya kwenu: inataka kivuli, kwa hiyo ilimpa mkulima sababu ya kuacha miti mikubwa, lakini ilimpa pia sababu ya kufyeka miche ya chini, na shamba likichoka anahamia kwenye mazao ya juani na miti mikubwa nayo inaondoka. Hakuna mbaya wala mwema katika habari hiyo. Kuna familia inayotaka ada ya shule, na msitu unaopungua. Mwanafunzi wa Kijerumani akilielewa hilo atakuwa amejifunza zaidi ya picha mia za ng'ombe waliokufa.

Tena mwulize mama mwenyeji wako kama ana kwenye dirisha lake lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalouzwa katika maduka ya maua kote Ujerumani. Hilo ni ua la kwenu. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Limezaa biashara kubwa duniani kote, huku baadhi ya aina zake za porini zikiwa hatarini kutoweka kwa kuwa misitu yake inapungua. Miaka kumi baada ya ua hilo kupelekwa, 1902, Wajerumani hao wakaanzisha pale Amani kituo chao cha utafiti wa kilimo na mimea, na sehemu ya msitu ikafyekwa kwa mashamba ya majaribio. Kwa hiyo hukuingia Freiburg kama mtu asiyehusika. Mazungumzo yako yaanze na ua hilo mezani, na usiogope kusema wazi nani alilichukua na nani hajafaidika nalo. Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa maovu ya vita vya Maji Maji. Nawe unaweza kuzungumza historia bila kutetemeka na bila kumtukana mtu.

Kuhusu nyumba na tramu sitakaa sana. Mkate na jibini jioni ndio mlo wao wa jioni. Chakula cha moto wengi wao walizoea kukila mchana. Wamekupa wanachokula wenyewe, na hiyo ndiyo heshima. Mwambie mama huyo leo, kwa maneno mafupi, kwamba dini yako hairuhusu nguruwe. Wajerumani wanapenda kuambiwa wazi kuliko kuona chakula kimebaki kwenye sahani. Omba jiko jioni moja kwa wiki. Mchele, iliki, bizari na tui la kopo utavipata kwenye maduka ya Waturuki na ya vyakula vya Asia, ila nunua Jumamosi, kwa sababu Jumapili karibu maduka yote yamefungwa. Kwenye tramu kila mtu amejinyamazia, usiichukulie kama dharau kwako. Salimia ukiingia dukani na ukikutana na mtu kwenye njia za mlimani, utaitikiwa. Na lugha ikikushinda usijilaumu. Wenyeji wa eneo hilo wana lahaja yao ambayo hata Mjerumani wa kaskazini inamtoa kapa. Jambo moja la kujiandaa nalo mapema ni giza: mwezi Desemba jua litazama karibu saa kumi na nusu jioni. Toka nje kila mchana, hata kama ni baridi.

Nyumbani sasa. Hizo picha mbele ya kanisa acha, mwanangu, zinakuchosha bure na zinapandisha matarajio usiyoweza kuyalipa. Anza na mama yako. Mpigie Jumapili, umweleze yote: buti, mboji, machozi, mkate wa baridi. Atahuzunika kidogo kisha atakuombea, na utakuwa na mtu mmoja duniani usiyemficha. Ukishamwambia yeye, wengine watakuwa rahisi. Mjomba mwambie hivi: "Mjomba, sijaajiriwa. Nimekuja kujitolea, wananilisha, wananilaza, na posho ninayopewa ni ya nauli na sabuni." Usiseme utaona, usiseme mwezi ujao. Kaka naye mwambie hapana, kwa upendo. Wanakijiji waliokuchangia hawakukuchangia ili warudishiwe simu. Walitaka mtoto wao ajue kitu. Rekodi sauti yako ukieleza jinsi lundo linavyopanda joto na jinsi ya kuchanganya maganda na majani makavu, umtumie mwenyekiti aicheze kwenye mkutano. Hiyo ndiyo hesabu wanayokudai.

Nimekwambia uvumilie kazi, lakini kuna mambo ambayo hupaswi kuyavumilia. Hati yako ya kusafiria asikushikie mtu. Saa za kazi zimeandikwa kwenye mkataba. Zikizidi, uliza zitarudishwaje. Kwa sheria za Ujerumani mtu wa kujitolea hawekwi mahali pa mfanyakazi wa mshahara, kwa hiyo ukiona bustani nzima inaendeshwa na ninyi vijana peke yenu, sema. Ikiwa umeandikishwa katika huduma ya kitaifa ya kujitolea iliyoanza mwaka 2011, aliye chini ya miaka 27 ana siku 25 za semina katika mwaka wake. Hapo ndipo penye mijadala na mipango uliyoitarajia, na ni haki yako. Na mtu akikugusa usivyotaka au akakutukana kwa rangi yako, usingoje wiki nyingine: andika tarehe na maneno, upeleke kwa shirika lililokutuma na lililokupokea siku hiyohiyo. Yule wa kikopo cha mtindi simhesabu humo. Mfuate wakati wa chai, umwambie kwamba ungependa kuelekezwa pembeni. Atashtuka, na nadhani ataomba radhi.

Jumatatu omba nusu saa na mratibu. Mpelekee mambo matatu: ratiba ya semina kwa maandishi, ombi la kukaa siku moja kila mwezi na anayeshughulikia fedha za bustani, na kichwa kipya cha mazungumzo yako, kuhusu msitu wa Amani na maji ya Tanga. Akikataa la tatu, usizungumze. Ni afadhali wanafunzi wale wakose mgeni kuliko wapate uongo. Akikubali, niandikie maswali waliyouliza watoto, nami nitayachapisha hapa ili wasomaji wa Muheza nao wayasome.